Kahawa ya Chokoleti Yenye Viungo: Mwongozo Kamili wa Kuiandaa Nyumbani

Aliyezoea kupika chai ya maziwa ya viungo huingia jikoni akiamini kwamba kahawa ya chokoleti hupikwa vivyo hivyo: maziwa, sukari na viungo vyote sufuriani kwa pamoja, moto mkali, mchemko mmoja au miwili, kisha chujio. Kwa chai njia hiyo inafaa kabisa, kwa kuwa majani ya chai yanayokusudiwa maziwa huvumilia kuchemshwa. Kwa kinywaji hiki haifai. Kahawa iliyochemshwa mara ya pili huzidi uchungu na kupoteza harufu, kakao inayomwagwa kavu ndani ya maziwa ya moto hufanya madonge, tangawizi mbichi hukata maziwa, na mdalasini wa unga huacha ute mdomoni. Kila kimoja kati ya vitu hivi kina wakati wake wa kuingia na joto linalokifaa, na karibu kazi yote ya mwongozo huu ni kueleza nini kiingie lini, na kwa sababu gani.

Kahawa ya kuchagua

Kahawa inayofaa ni arabika iliyokaangwa kiasi hadi kukolea, yaani buni yenye rangi ya hudhurungi iliyoiva, bila kufikia weusi unaong'aa mafuta. Arabika ya Kilimanjaro, ya Mbinga mkoani Ruvuma au ya Mbozi mkoani Songwe inakaa vizuri na kakao, kwa sababu ukali wake ni wa wastani na haupigani na uchungu wa chokoleti. Kahawa za Nyeri na Kirinyaga nchini Kenya, hasa zile za mbegu za SL28 na SL34, zinasifiwa duniani kwa ukali wake wa matunda, na kwa anayekunywa kahawa bila maziwa ni neema kubwa. Lakini ukali huohuo ukikutana na kakao ambayo nayo ina uchachu wa asili, kikombe huwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Ukiwa nayo hiyo tu, chagua iliyokaangwa zaidi.

Robusta ya Kagera au ya Uganda ina nafasi yake. Inatoa uzito na uchungu unaosikika hata baada ya maziwa na sukari, ingawa ina kafeini takriban maradufu ya ile ya arabika. Sehemu moja ya robusta kwa sehemu tatu za arabika inatosha, na mchanganyiko huo ndio ninaoupendekeza kwa anayelalamika kwamba chokoleti inameza ladha ya kahawa.

Saga buni siku ileile ukiweza, kwa kuwa kahawa ya unga hupoteza harufu upesi mara tu inapokutana na hewa. Asiye na mashine ya kusagia anaweza kutumia kinu na mchi kama wafanyavyo wengi pwani, mradi aitwange kidogo kidogo na kuichekecha ili chembe zilingane. Kahawa ya kuyeyuka papo hapo, kama ile inayotengenezwa Bukoba, inakubalika pia: vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwa mililita 120 za maji ya moto huchukua nafasi ya kahawa iliyopikwa katika vipimo nitakavyovitoa.

Kakao na chokoleti: kwa nini zote mbili

Unga wa kakao unatoa ladha na rangi. Chokoleti nyeusi inatoa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya kinywaji kijae mdomoni. Tangu shinikizo, yaani mashine ya kukamulia, la familia ya Van Houten lilipopewa hataza nchini Uholanzi mwaka 1828, mafuta ya kakao yamekuwa yakikamuliwa na kutenganishwa na unga, hivyo unga peke yake, hata uwe mzuri kiasi gani, hutoa kinywaji chepesi. Kutumia chokoleti peke yake nako kuna hasara yake: gharama hupanda na utamu huzidi kabla ladha ya kakao haijakolea.

Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua. Bidhaa nyingi zinazouzwa madukani kama chokoleti ya kunywa zina sukari nyingi kuliko kakao, na dalili yake ni sukari kutajwa ya kwanza kwenye orodha ya viambato. Unachohitaji ni unga ambao kiambato chake ni kakao tu. Unga wa aina hiyo nao uko wa namna mbili. Ule wa asili una rangi ya hudhurungi nyepesi na uchachu unaosikika ukiuonja. Ule uliotiwa alkali ni mweusi zaidi, umepoozwa uchachu, na hukorogeka kwa urahisi. Pakiti yake huandikwa neno alkali au namba kama E501. Kwa kahawa yenye ukali chukua uliotiwa alkali. Kwa kahawa iliyokaangwa sana, au yenye robusta, ule wa asili unaleta uhai unaokosekana.

Kakao inalimwa karibu nasi. Wilaya ya Kyela mkoani Mbeya, bonde la Kilombero mkoani Morogoro, Bundibugyo nchini Uganda na eneo la Beni mashariki mwa Kongo zote zinazalisha, na unga unaosagwa kutokana na kakao ya Kyela si vigumu kuupata katika miji mikubwa ya Tanzania. Mara nyingi unga huu wa nyumbani haukukamuliwa mafuta mengi, kwa hiyo ukiutumia punguza chokoleti hadi nusu.

Viungo

Viungo vizima ndivyo vinavyotakiwa, isipokuwa kungumanga ambayo hukunwa mwishoni. Epuka pakiti za viungo vya chai vilivyosagwa tayari: vimepangwa kwa ajili ya chai, tangawizi na pilipili manga hutawala, na unga wake haunaswi wote na chujio.

Mdalasini ndio unaobeba kinywaji hiki. Magome membamba yaliyojiviringa kwa matabaka mengi yana harufu laini na utamu. Gome nene na gumu, lililojikunja kwa tabaka moja, ni kasia, na lina ukali zaidi, hivyo tumia kipande kifupi. Iliki iwe ya kijani, na maganda yake yapasuliwe ili mbegu nyeusi za ndani zikutane na maziwa. Karafuu, iwe ya Pemba au ya kwingine, ihesabiwe punje kwa punje. Ina eujenoli nyingi, kemikali ileile inayotia ganzi ulimi, na karafuu ya tatu katika sufuria ya watu wawili inatosha kufunika kila kitu kingine. Ukiwa na basibasi, yaani utando mwekundu unaoizunguka kungumanga, kipande kidogo chake kinatoa harufu iliyo laini kuliko ya kungumanga yenyewe. Kungumanga iwe ya kukwaruza mara chache tu, kwa kuwa nyingi yake inadhuru mwili.

Vipimo vya watu wawili

Vipimo hivi vinatoa vikombe viwili vikubwa. Andaa mililita 300 za maziwa yenye mafuta yake yote. Gramu 20 za kahawa iliyosagwa, ambazo ni kama vijiko vinne vya chakula, na mililita 160 za maji ya kuipika. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa kakao. Gramu 30 za chokoleti nyeusi yenye kakao ya asilimia 60 hadi 70. Vijiko viwili vya chakula vya sukari. Na chumvi ya kubana kwa ncha za vidole viwili. Kwa upande wa viungo, chukua kijiti cha mdalasini chenye urefu wa sentimita 5, iliki nne, karafuu mbili, punje nne za pilipili manga, kipande cha tangawizi mbichi cha gramu 10, yaani nusu ya kidole gumba, na kungumanga ya kukuna. Sukari ni ya kuanzia tu, na kila mtu ataongeza kwake.

Kupika, kwa mpangilio wake

Anza na tangawizi, kwa sababu ndiyo inayoweza kuharibu kila kitu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na ukiitia kwenye maziwa baridi au ya vuguvugu kisha ukayapasha, yanaweza kukatika kabla hayajachemka. Mchemko huizima nguvu hiyo. Iponde, itie kwenye mililita 80 za maji, ichemshe kwa dakika nne au tano hadi maji yapungue yabaki kama mililita 50, kisha uyachuje. Maji haya usiyamwage wala usiyatie kwenye maziwa; ndiyo yatakayokorogea kakao.

Pili, pasha kikaango kikavu kwa moto mdogo na utie mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Vitikise kwa dakika moja, au mpaka harufu ya iliki ikufikie ukiwa umesimama wima, kisha uviondoe mara moja. Vikianza kutoa moshi vimeungua, na ni afadhali kuanza na vingine kuliko kubeba uchungu huo hadi kikombeni. Viponde kwenye kinu kwa mapigo machache tu. Mdalasini uvunjike vipande, iliki ipasuke, pasiwe na unga.

Tatu, tia viungo hivyo kwenye maziwa na uyapashe taratibu. Harufu nyingi za viungo huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta kuliko katika maji, na ndiyo sababu vinawekwa kwenye maziwa na si kwenye kahawa. Tazama ukingo wa sufuria: vikitokea vipovu vidogo pembezoni huku katikati kukiwa kumetulia, zima moto, funika na uache dakika kumi. Kama maziwa ni mabichi kutoka kwa mfugaji, sharti kwanza yachemke sawasawa kwa ajili ya usalama, kisha yapunguzwe moto na viungo vitiwe baada ya hapo. Kuacha viungo zaidi ya dakika kumi na tano hakuongezi utamu wa harufu. Kunaongeza ukali wa karafuu na ukakasi wa mdalasini.

Wakati maziwa yanatulia, pika kahawa. Kwa sufuria ya kawaida, chemsha maji, yaondoe motoni, subiri nusu dakika ili joto lishuke kufikia nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi, tia kahawa, koroga mara moja, funika kwa dakika nne, kisha chuja kwa kitambaa safi au chujio laini. Kitambaa ni bora, kwa kuwa chembe za kahawa zikiingia kwenye chokoleti haziwezi tena kutenganishwa na kakao. Mwenye chombo cha kubinya chenye chujio atumie muda huohuo. Mwenye birika la kiitaliano lile la jikoni, ambalo Alfonso Bialetti alilianzisha mwaka 1933, atapata kahawa nzito zaidi, na hilo kwangu ndilo linalofaa kuliko yote kwa kazi hii. Unga wa kahawa hubakiza maji takriban maradufu ya uzito wake, kwa hiyo utabaki na kama mililita 120. Ifunike.

Sasa ifike zamu ya kakao, na hapa pana haja ya kutulia. Changanya unga wa kakao, sukari na chumvi vikiwa vikavu, ndani ya sufuria safi. Sukari hutenganisha chembe za kakao, ambazo kwa kuwa zimefunikwa na mafuta hukataa maji na kung'ang'aniana. Mimina maji ya tangawizi yakiwa ya moto, kijiko kimoja kwanza, ukikoroga na kubonyeza kwa mwiko. Mwanzoni utaona unga mkavu unaokwepa maji na kupanda juu yake, endelea. Kijiko cha pili kitaleta uvimbeuvimbe wenye rangi ya udongo, na cha tatu kitaufanya ulainike ghafla, rangi ikolee na uso wake ung'ae. Hapo ndipo rojo lilipokamilika, na maji yaliyobaki yanaweza kuingia yote. Weka kwenye moto mdogo kwa dakika moja ukikoroga bila kuacha. Kakao ina wanga, na wanga huo ukipata moto huvimba na kukipa kinywaji uzito. Ile ladha ya unga mbichi nayo huondoka.

Chujia maziwa yenye viungo juu ya rojo hilo, theluthi kwanza, kisha yaliyobaki. Rudisha motoni, moto mdogo, na ukoroge ukipitisha mwiko chini kabisa ya sufuria, kwa sababu kakao huzama na maziwa hushika chini. Mvuke ukianza kupanda kwa wingi na kabla ya kuchemka, ondoa motoni, tia chokoleti iliyokatwakatwa vipande vidogo, iache dakika moja iyeyuke yenyewe, kisha koroga.

Kahawa iingie ya mwisho, sufuria ikiwa imeondolewa motoni. Imimine kwa mfululizo mwembamba huku ukikoroga, ili ukali wake usiyakute maziwa kwa ghafla. Baada ya hapo usirudishe sufuria motoni kwa sababu yoyote. Kama kinywaji kimepoa, pasha vikombe kwa maji ya moto.

Povu si pambo tu. Hupeleka harufu puani kabla ya mdomo kugusa. Meksiko kuna mchi wa mbao wenye pete, uitwao molinillo, unaozungushwa kati ya viganja viwili mpaka chokoleti itoe povu. Jikoni kwetu upekecho hufanya kazi ileile kwa mwendo uleule: uzamishe kichwa chake karibu na uso wa kinywaji, si chini, na uupekeche kwa nguvu kwa nusu dakika. Asiye nao atumie mchapo wa waya, au amimine kutoka jagi moja kwenda jingine kwa kuinua mkono juu. Mimina vikombeni na ukwaruze kungumanga mara mbili au tatu juu ya kila kimoja.

Kasoro na tiba zake

Uchungu ukizidi, jaribu kwanza chumvi kidogo kabla ya kukimbilia sukari, kwa sababu chumvi hupunguza uchungu bila kuongeza utamu. Kinywaji kikiwa chepesi, kosa liko kwenye rojo ambalo halikupata moto wa kutosha. Safari nyingine lipe dakika mbili. Kikiwa kizito, maji ya moto yanakirekebisha vizuri kuliko maziwa, ambayo yatafifisha kahawa. Ulimi ukifa ganzi, karafuu zimezidi, na hakuna tiba ila kuongeza maziwa na chokoleti.

Madonge huchujwa na kupondwa kwa mgongo wa kijiko dhidi ya chujio. Maziwa yaliyokatika hayarudi. Chanzo chake huwa tangawizi isiyochemshwa, maziwa yaliyoanza kuchacha, au kahawa kali iliyomiminwa yote kwa mkupuo. Machicha machache yanayotua chini ya kikombe si kasoro: unga wa kakao hauyeyuki, unaelea tu, na kijiko kidogo pembeni ya kikombe kinatosha.

Kubadilisha bila kuharibu

Tui la nazi linapatana na iliki na chokoleti kwa namna ya kupendeza mno, na kwa asiyekunywa maziwa ndilo badala ninaloliamini zaidi. Tumia mililita 150 za tui zito na 150 za tui jepesi. Viungo vilowekwe kwenye tui jepesi, na tui zito liingie baada ya rojo, kwa moto mdogo na mwiko usiotulia, kwa maana likichemka hujitenga mafuta.

Sukari guru inaleta ladha ya moshi na asali, lakini baadhi yake ina uchachu wa kutosha kukata maziwa ya moto. Iyeyushe ndani ya kahawa, iingie nayo mwishoni. Mpenzi wa pilipili atie pilipili kichaa moja kavu, nzima, ndani ya maziwa pamoja na viungo, na aionje kila baada ya dakika mbili. Ikifika anapotaka, aitoe.

Kwa kinywaji baridi, ongeza kahawa hadi gramu 25, kipoze, kisha ukiweke kwenye friji kabla ya kutia barafu. Barafu ikitiwa kikingali moto, huyeyuka yote na kukifanya maji.

Kafeini, na kupika kwa ajili ya wengi

Kikombe kimoja kwa vipimo hivi kina takriban miligramu 100 hadi 130 za kafeini, kahawa na kakao zikiwa pamoja. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya inataja miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicholeta wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Kwa kikao cha usiku, kama kile cha baada ya tarawehe ambapo watu hupenda kahawa lakini wengine wana usingizi wa kuufikiria, punguza kahawa hadi nusu na uongeze kijiko kimoja cha kakao.

Ukipikia watu kumi, zidisha maziwa, kahawa, kakao, chokoleti na sukari mara tano, lakini karafuu ziwe sita badala ya kumi, na pilipili manga zisizidi kumi na mbili. Usichanganye kahawa na maziwa mapema. Weka maziwa ya chokoleti kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, kahawa kwenye chupa yake, na uviunganishe kikombeni kila mgeni anapofika, sehemu tatu za maziwa kwa sehemu moja ya kahawa. Maziwa hayo yanywewe ndani ya saa mbili. Yatakayobaki yapozwe upesi na kuwekwa kwenye friji, ambako yatakaa siku mbili, na siku ya kuyatumia yapashwe taratibu, kisha yapikiwe kahawa mpya.